Ukurasa Uliofungiwa Karanga

Magazeti ya utoto wangu yalinuka sabuni. Hayakuletwa mjini kwetu Kasongo ili yasomwe. Yalikuja yamesokomezwa ndani ya makatoni, kati ya miche ya sabuni na chupa za mafuta ya nywele, ili bidhaa zisigongane njiani. Baba yangu alikuwa na duka dogo karibu na soko, na kila alipofungua katoni hakutazama kwanza kama chupa zimefika nzima. Alitoa karatasi moja moja, akazinyoosha kwa kiganja juu ya meza, na zile zilizokunjamana sana akampa mama azipitishie pasi ya mkaa isiyo na moto mkali. Karatasi ikipata joto, harufu ya sabuni na wino na vumbi la safari ilienea mpaka barazani, na wanaume waliokuwa wakitoka msikitini baada ya sala ya alasiri walijua kwamba leo kuna gazeti. Walikuja wakakaa kwenye magunia na vigoda, wakavua kofia kujipepea, wakanisubiri mimi.

Ndiyo, mimi. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, naitwa Feza, na nilikuwa mtoto wa kwanza wa nyumba ile. Macho ya baba yalikuwa yameanza kufifia. Aliona sura za watu, aliona rangi ya kitenge, lakini herufi zilimkimbia kama siafu waliomwagiwa majivu. Mimi nilikuwa na Kifaransa cha shule. Nilisoma sentensi kimya kwanza, midomo ikicheza, kisha nikaisema kwa Kiswahili, na wao wakaipokea. Hakuna aliyejali kwamba gazeti lilikuwa na miezi minne. Habari ya miezi minne kwetu ilikuwa habari ya leo, kwa sababu leo ndipo tulipoisikia. Mmoja alitaka mpira, mwingine alitaka kujua bei ya mchele huko mbali, mzee mmoja jirani yetu alitaka nianze kila siku na matangazo ya vifo, ingawa katika maisha yake yote hakuwahi kumkuta humo mtu anayemjua. Sentensi moja ilibishaniwa mpaka ikachoka. Ukurasa mmoja ulitosha kutufikisha magharibi.

Ukurasa ukishasomwa, ulikuwa wa mama. Mama alikaanga karanga na kuziuza sokoni, na kila ukurasa aliukata vipande akavikunja kama pembe, akajaza karanga, akafunga mdomo. Mama hakujua kusoma. Kwake herufi zilikuwa madoa tu yasiyochafua mikono. Lakini wateja wake walisoma. Walimaliza karanga wakafungua karatasi, wakasoma kilichobaki na chumvi yake. Nakumbuka mwanamke mmoja aliyerudi kununua vipakiti viwili vingine, si kwa njaa, bali alikuwa anatafuta mwisho wa habari ya arusi iliyovunjika, na mwanzo wake aliupata kwenye kipakiti cha kwanza. Hivyo ndivyo mji wetu ulivyosoma gazeti: kwanza kwa masikio, pamoja, kisha kwa macho, vipande vipande, kila mtu na kipande alichojaliwa.

Halafu vikaja vita, na watu wenye bunduki wakaushika mji. Sitasema walikuwa wa upande gani. Kwa mtoto wa miaka kumi na mmoja upande ulikuwa mmoja tu, ule wa kule inakotazama bunduki. Nilijifunza kutambua viatu vyao vya mpira kwa sauti kabla hawajageuka kona. Nilijifunza kwamba mbwa wa jirani akinyamaza ghafla ni lazima niingie ndani. Mtu mmoja wa mtaa wa pili alipigwa mbele ya mlango wake kwa sababu redio yake ilisikika ikitaja upande mwingine, na tangu siku ile redio zote za mtaani zilishushwa sauti mpaka watu wakawa wanazilalia sikio kama wanaosikiliza tumbo la mjamzito. Wahenga walisema, ukiona cha mwenzako chanyolewa, chako tia maji. Baba alitia maji. Alihamisha usomaji kutoka barazani akauingiza dukani, nyuma ya magunia ya chumvi. Waliokuja wakapungua, wakawa sita, wakawa watatu. Kisha akaniambia, mkono wake ukiwa juu ya karatasi kana kwamba ingeruka, “Feza, soma kwanza moyoni. Ukiona neno vita, pita. Ukiona picha ya bunduki, usifungue hata mdomo. Hiyo mpe mama yako.”

Alidhani kumpa mama ni kuizika. Wala mimi sikuwaza zaidi. Ilikuja katoni moja ambayo karatasi zake zilikuwa zimechanika juu, pale penye jina la gazeti na tarehe, kwa hiyo hatukujua limetoka mji gani wala upande gani. Ukurasa mmoja ulikuwa na picha ya wanaume wenye silaha wamesimama juu ya gari. Sikuusoma. Nilikuwa mtoto mtiifu, na woga huufanya utii kuwa mwepesi. Niliukunja mara mbili nikaupeleka jikoni, mama akaukata asubuhi yake, akaenda nao sokoni.

Siku hiyo nilikuwa uani natwanga sombe, majani ya muhogo. Nakumbuka ubichi wake ulivyonuka, na povu la kijani lililokuwa limenirukia mkononi. Mbwa wa jirani alikuwa akibweka, kisha akanyamaza. Nilisimamisha mtwangio hewani. Askari wawili waliingia uani bila kupiga hodi, na mmoja wao, kijana mwenye sauti ya taratibu, akauliza, “Feza ni nani hapa?”

Uani tulikuwa mimi na kuku tu.

“Ni weye ndiye unasomaka gazeti? Twende. Baba yako amesema ni weye.”

Nimeyabeba maneno hayo matatu, baba yako amesema, kwa miaka yote hii. Sikuogopa bunduki kwanza. Niliogopa kwamba yule mtu mmoja duniani niliyejua kwamba angenificha, amenitaja. Nilinawa mikono, sijui kwa nini, nikainawa vizuri mpaka kwenye kucha, wao wakinisubiri. Tukatoka. Njiani watu waliokuwa wakinisalimia kila siku walikuwa na kazi ya ghafla ndani ya nyumba zao. Mama alitukuta karibu na soko, sinia lake la karanga bado kichwani, akaanza kutufuata nyuma akisema kwa sauti ya chini, “Baba zangu, huyu ni mutoto. Baba zangu, karanga ni zangu, munichukue mimi.” Hawakumgeukia. Walipofika kwenye nyumba ya zamani ya serikali, walikokuwa wameweka ofisi yao, walimzuia mlangoni, na nilipotazama nyuma nilimwona amesimama juani na sinia lile kichwani, kana kwamba kuliteremsha kungeharibu kitu.

Ndani palikuwa na ubaridi na giza la madirisha yaliyofungwa. Baba alikuwa ameketi chini sakafuni, hana viatu, hana kofia. Hakunitazama. Nyuma ya meza alikaa komanda wao, mtu mdogo wa umbo kuliko nilivyowazia, shati lake limepigwa pasi, na mbele yake zilikuwa zimemwagwa karanga za mama. Alikuwa akizila moja moja, akizimenya ngozi kwa kidole gumba na kuipuliza. Pembeni, kwenye meza ndogo, alikaa karani wao, mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi. Nilimjua kwa sura. Kabla ya vita alikuwa mwalimu, na watu walisema alichukuliwa kwa nguvu akawe mwandishi wao. Wengine walisema hakuchukuliwa kwa nguvu sana.

Mambo yaliyotokea niliyajua baadaye. Askari mmoja alinunua karanga za mama, akala, akafungua karatasi. Alijua kusoma kidogo, kiasi cha kutambua jina la komanda wake katikati ya maneno mengine. Alitoka mbio nayo. Mama aliulizwa karatasi imetoka wapi, akasema dukani. Baba alipoulizwa nani anasoma karatasi hizi na kuwatangazia watu, alisema hana macho. Walimpiga. Akasema tena hana macho. Waliuliza, basi nani ana macho katika nyumba yako?

Komanda alisukuma mbele kile kipande cha karatasi. Kilikuwa bado na alama za mikunjo na madoa ya mafuta. “Gazeti iko inasema nini juu yangu?” aliuliza, kwa upole wa mtu anayeuliza bei. “Soma Kifaransa, halafu useme Kiswahili. Usiruke kitu. Ukiongopa, sekeretere huyu atasikia, yeye alisoma sana.”

Karani aliinuka akaja kusimama nyuma ya bega langu. Nilisikia pumzi yake, ilinuka tumbaku na njaa. Nilianza. Sentensi ya kwanza ilisema kwamba barabara za kusini mwa mkoa wetu wa Maniema zimefungwa. Nikaisema. Ya pili ilisema kwamba wenye silaha wanachukua mchele wa wakulima na kodi ya dhahabu ya machimbo ya Salamabila, na ndipo lilipokuwa jina lake. Niliisema pia. Alimenya karanga nyingine. “Endelea.”

Jicho langu lilikuwa limeshatangulia, kama nilivyozoea kusoma moyoni kwanza. Mstari uliofuata ulisema kwamba kiongozi huyu hajui kusoma hata karatasi anazozitia sahihi, kwamba kila kitu huandikiwa na karani wake, na kwamba askari wake mwenyewe humcheka kwa hilo.

Nilimsikia nzi. Nilimsikia mama nje akikohoa. Mtoto hajui siasa, lakini anajua aibu, na mimi niliyekuwa nimeshasimama darasani nikiwacheka wasiojua kusoma nilifahamu mara moja kwamba mtu mzima mwenye bunduki akiambiwa haya mbele ya askari wake, tena na mtoto wa kike, hatabaki kumenya karanga. Nilielewa pia kwamba nyuma ya bega langu kuna macho mawili yanayouona mstari uleule. Nikiusema, baba amekufa. Nisipousema, macho yale yatasema. Jasho lilinitoka mpaka kidole changu kikaacha doa kwenye karatasi.

Kidole nikakitelezesha. Nikauruka mstari ule kama mtu anayeruka mfereji, nikatua kwenye sentensi ya mwisho, iliyosema kwamba wananchi wanaomba amani. Nikaisema kwa sauti kubwa kuliko zote.

“Umemaliza?”

“Ndiyo, shefu.”

Komanda alimtazama karani. “Sekeretere?”

Karani alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena, akainama karibu kabisa na karatasi. “Amesoma yote, shefu,” akasema. “Hakuna kingine.” Na akaichukua ile karatasi mkononi mwangu, akaikunja ndogo, akaiweka mfukoni mwake.

Komanda alicheka. “Kumbe wanalia mchele tu! Nani hapa hali mchele?” Askari wakacheka naye. Baba alipigwa fimbo za nyayo mbele yangu, ili akumbuke, walisema, na ikaamriwa kwamba karatasi yenye maandishi isionekane tena dukani wala sokoni. Kisha tukaachiwa. Mama aliteremsha sinia alipotuona, na ndipo karanga zikamwagika zote barabarani. Hakuna hata mmoja wetu aliyeinama kuziokota. Baba alitembea peku kwa kingo za nyayo zake, kama mtu anayekanyaga makaa, na alikataa kushikwa mkono. Tulipofika mlangoni kwetu alisimama. Alisema bila kunitazama, “Feza, nilikutaja.”

Nilisema, “Najua, baba.”

Hatukulizungumza tena mpaka nilipokuwa mtu mzima.

Jioni ile ile, kabla ya magharibi, magazeti yote yalikwenda jikoni. Baba aliyatia motoni mwenyewe, hata yale ya zamani aliyoyaficha chini ya godoro kwa sababu yalikuwa na picha za mpira. Majivu ya gazeti ni mepesi, hayatulii. Yaliruka uani na kutua kwenye nguo zilizoanikwa, na mama akayakimbilia kuyasugua, akiogopa kwamba herufi zinaonekana bado. Tangu siku iliyofuata karanga zilifungwa kwenye majani ya mgomba. Si zetu tu. Mji mzima ulijifunza kwa siku moja. Muuza samaki aliloweka karatasi zake kwenye ndoo mpaka wino ukatoka. Mshonaji aliyekatia vielelezo vya magauni kwenye magazeti alivigeuza, akapaka mkaa upande wa maandishi. Mzee wa matangazo ya vifo alipita dukani alasiri, akasimama, akatazama pale nyuma ya magunia, akanunua chumvi asiyoihitaji, akaenda zake. Watu waliokuwa wakisoma kila karatasi iliyoanguka njiani sasa waliiona karatasi wakaizunguka mbali, kama inavyozungukwa kafara iliyowekwa njia panda.

Mimi nilikuwa nimekuwa mtoto wa kuogopa. Nilikojoa kitandani. Shuleni mwalimu aliponiinua kusoma, herufi zilikuja lakini sauti haikuja. Zaidi ya komanda nilimwogopa karani. Yeye ndiye aliyejua. Kila asubuhi niliamka nikiwaza, leo atasema. Mama alipoona nimebaki mifupa aliamua kunipeleka kwao Kabambare, kwa kaka yake. Tulikwenda na wasukuma baiskeli waliobeba chumvi, siku tatu, tukitembea nyuma ya magurudumu yaliyolia bila grisi, tukijificha vichakani kila tuliposikia watu wengi wanakuja. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, mama alikuwa akiniambia, na alisema kama sifa, si kama aibu.

Mjomba alikuwa mkulima wa mpunga na karanga, Mkristo, mtu wa maneno machache, na yale machache aliyasema nusu Kiswahili nusu Kibangubangu. Binti yake Furaha alikuwa rika langu. Nyumba yao ilikuwa ya matope na miti, na chumba tulicholala mimi na Furaha kilikuwa kimebandikwa magazeti ukuta mzima kwa uji wa muhogo, kazi ya marehemu babu, ili upepo na mavumbi visipite. Niliingia mle nikasimama kama niliyekuta nyoka. Ukuta mzima uliandikwa. Furaha, ambaye shule yao ilikuwa imefungwa na hakujua herufi, aliniburuta mkono kwa furaha. Aliishi na maneno yale tangu azaliwe na hakuna aliyewahi kumwambia yanasema nini. “Hapa,” alisema, akigusa picha ya bi arusi. “Hapa inasema nini, dada?”

Siku nyingi sikuweza. Alinibembeleza. Mwishowe, kwa sauti ndogo isiyotoka nje ya mlango, nikaanza kumsomea. Tangazo la baiskeli. Mvua kubwa ya mwaka ambao mama zetu hawakuwa wameolewa. Mwanamuziki aliyenunua gari. Yalikuwa magazeti ya zamani, ya enzi nchi yetu ilipoitwa Zaire, na hofu yao ilikuwa imekwisha kuzeeka, haikung’ata. Furaha alicheka mpaka akajifunika mdomo. Sauti yangu ikaanza kurudi, mstari kwa mstari, kutoka kwenye ukuta ule.

Ndipo mama akamweleza kaka yake kisa chote cha Kasongo. Alikuwa hajamwambia, alisema tu kwamba naumwa. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho. Asubuhi niliamshwa na mlio wa jembe. Alikuwa nje anachanganya udongo na maji na majani makavu. Akaingia na beseni, akasema, “Muniwie radhi, watoto,” akaanza kupaka matope juu ya magazeti, kutoka pembe ya juu mpaka sakafuni. Wenye silaha walipita Kabambare pia, wakiingia nyumba watakayo, na nani angejua kuna jina gani mle ndani? Furaha alilia alipomfikia bi arusi. Mimi sikulia. Nilijiona kama mtu aliyebeba surua kutoka mjini na kuileta kwenye nyumba ya watu wenye afya. Kwa siku kadhaa chumba kilinuka udongo mbichi, na ukuta ulipokauka ulipasuka nyufa nyembamba, na ndani ya nyufa zile, ukikaribia sana, bado uliweza kuona nusu ya herufi.

Tulirudi Kasongo mji ulipoachwa na wale watu. Walihama siku moja kama nzige, wengine wakaja, nao wakahama, mpaka ikafika hali tunayoiita amani. Nilimaliza shule, nikawa mwalimu wa Kifaransa. Nilisikia uvumi kwamba karani aliuawa, lakini haikuwa kweli. Alirudi tu siku moja akiwa amekonda zaidi, akakaa kwake, watu wakimsalimia kwa mbali. Ilinichukua miaka mingi kupata ujasiri. Nilimwendea na mchele na mafuta ya mawese, nikapiga magoti, nikamwambia, “Baba, nimekuja kukushukuru. Uliniokoa mimi na baba yangu.”

Alinitazama kwa muda kama anayetafuta uso wa mtoto ndani ya uso wangu. “Mwanangu, usinibebeshe mzigo mzuri usio wangu,” alisema. “Ule mustari ulikuwa unanitaja mimi. Karani anaandika kila kitu. Ungeusoma, komanda angeuliza: nani amewaambia wenye gazeti siri hiyo? Angenitazama mimi. Nilipoona kidole chako kimeruka, nikajua umeniokoa. Mimi ndiye niliyetaka kukushukuru, nikaogopa kuonekana na weye.” Alikohoa, akaongeza, “Nilikula ile karatasi. Nilifika choo, nikaitafuna, nikaimeza.”

Nilirudi nyumbani nikamsimulia baba. Alikuwa ameshakuwa kipofu kabisa. Akasema, “Kumbe tulikuwa watatu tulioogopa mle ndani,” na ndiyo siku ya kwanza alipolia mbele yangu, akaniomba msamaha kwa jina langu, nami nikampa, ingawa nilikuwa nimempa zamani.

Leo magazeti ni nadra Kasongo kuliko hata wakati ule. Sabuni inakuja kwenye nailoni. Habari zinakuja kwenye simu. Wanafunzi wangu wanasoma kutwa nzima, kuliko nilivyosoma mimi, kidole kikisukuma juu, juu, lakini kila mmoja anasoma peke yake, mdomo umefungwa, na uso unabadilika bila jirani kujua kwa nini. Sisi tulipata ukurasa mmoja tukaubishania mpaka jua likazama; wao wanapata mia, na hakuna hata mmoja unaokaa mkononi muda wa kuuliza, nani ameandika? Baba huuliza. Nikimsomea ujumbe uliosambazwa, swali lake ni hilo hilo, nani amesema, na mimi sina jibu, kwa sababu niliutumiwa na mtu aliyetumiwa na mtu. Zamani niliogopa jina lililochapishwa. Sasa naogopa maneno yasiyo na jina lolote, yanayofika kabla mtu hajamaliza kunawa uso.

Msimu huu wa mvua ulikuja ujumbe kwamba wenye silaha wameingia kijijini Lusangi na wanaelekea Kabambare. Mtaa mzima ulilia. Nilimpigia Furaha, ambaye bado anaishi kule, ana watoto wanne na shamba la baba yake. Alipokea akicheka, alikuwa anapepeta mpunga. “Nani anawadanganyaka hivyo?” aliniuliza. Ukaja ujumbe wa pili, na wa tatu, wote uongo, mpaka tukazoea, na lisemwalo tukaacha kuamini kwamba lipo. Ulipokuja wa nne niliusoma nikiwa napika, nikaufuta, nikakoroga bugali.

Huo ulikuwa wa kweli. Simu ya Furaha haikupatikana siku ile wala iliyofuata. Niliufungua ujumbe baada ya ujumbe, nikitafuta jina la kijiji chake, picha, chochote, na kila mmoja ulisema jambo lake: wamekufa wengi, hajafa mtu, wamekimbilia msituni, wako njiani. Baba aliketi pembeni yangu akisema tu, “Soma tena. Soma tena.” Nilimsomea yote. Hakuna uliotusaidia hata kumeza maji.

Siku ya tano, adhuhuri, pikipiki iliyojaa matope ilisimama mbele ya mlango na Furaha akateremka na watoto wawili. Wawili wengine walikuwa nyuma na mume wake kwa miguu, wakafika siku iliyofuata, miguu imevimba lakini wazima. Nilimkumbatia nikamwuliza kama na wao kule waliupata ule ujumbe. Alinitazama kama mtu anayeulizwa kwa lugha ngeni.

“Ujumbe gani, dada? Sisi tuliona moshi tu. Tukabeba watoto.”

Tuliwapikia wali na samaki. Baba aliomba ashikishwe mikono ya wale watoto, mmoja mmoja, akauliza majina yao, akawafanya wayarudie mpaka akayashika. Furaha alianza kusimulia, polepole, tangu asubuhi ile alipoacha ungo wake uani, na majirani waliomsikia wakaingia, wakakaa chini, wakamsikiliza. Simu yangu ilikuwa ikilia kwenye rafu. Hakuna aliyeinuka kuitazama.